Saa Ndogo ya Mbizi Yenye Sura ya Kale: Inakaaje Mkononi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu saa yangu ni "Mbona ndogo hivyo?" Ni Tudor Black Bay 54, saa ya mbizi ya kampuni ya Uswisi yenye upana wa milimita 37, na ninaivaa karibu kila siku hapa Dar es Salaam: ofisini, baharini, msibani, harusini. Kabla yake nilivaa saa ya milimita 44 kwa miaka minne, na nilikuwa nimeshaamini kwamba saa ya mwanaume sharti ionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Majibu haya ni kwa mtu aliyevutiwa na saa ndogo ya aina hii, hana duka la karibu la kuijaribu, na anaogopa kutoa fedha nyingi kwa kitu ambacho huenda kisimkae. Nitaitumia 54 kama mfano kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa kuivaa. Njia ya kupima ni ile ile kwa saa yoyote.

Saa ya mbizi ni ipi hasa?

Ni saa iliyotengenezwa ishuke na mtu chini ya maji na imsaidie kujua amekaa huko dakika ngapi. Ndiyo maana ina bezeli, yaani ile pete ya juu inayozunguka yenye alama za dakika, ina rangi inayong'aa gizani kwenye namba na mishale, na mara nyingi kitufe chake cha pembeni kinafungwa kwa kuzungushwa kama skrubu. Kipo kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO 6425. Kinataka saa ya mbizi ihimili angalau mita 100, na isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25 kutoka kwenye jicho. Saa nyingi zenye bezeli hazijapitia kipimo hicho, zimechukua sura tu.

Na "sura ya kale" maana yake nini?

Maana yake mtengenezaji amerudi kwenye saa fulani ya zamani akaichora upya, akabakiza umbo na vipimo, akabadilisha vya ndani. Black Bay 54 ilitoka mwaka 2023. Namba 54 inarejea mwaka 1954, Tudor walipotoa saa yao ya kwanza ya mbizi, ile inayojulikana kwa namba 7922, iliyohimili mita 100. Mwaka mmoja nyuma yake, 1953, Blancpain, kampuni nyingine ya Uswisi, walikuwa wametoa saa yao ya mbizi Fifty Fathoms, iliyotokana na mahitaji ya wapiga mbizi wa jeshi la Ufaransa chini ya Robert Maloubier na Claude Riffaud. Miaka hiyo miwili mitatu ndiyo iliyozaa umbo lote tunalolijua leo: uso mweusi, alama nene, bezeli, mishale mipana.

Jambo moja husahaulika. Zama hizo saa ya kawaida ya mwanaume ilikuwa na upana wa milimita 33 hadi 36. Kwa hiyo 37 haikuwa ndogo hata kidogo. Ilikuwa saa kubwa ya kazi. Tudor walizipeleka saa zao kwa jeshi la wanamaji la Ufaransa, na wanamaji wengine wakazifunga kwa mikanda waliyojishonea wenyewe kutokana na utepe wa mwavuli wa kurukia. Hakuna aliyewaambia wale watu kwamba wamevaa saa ya watoto.

Milimita 37 si saa ya kike?

Hapana. Ni saa ya mkono wowote unaoienea. Mke wangu huivaa siku nikiiacha nyumbani, na inamkaa vizuri pia, jambo ambalo kwangu ni faida. Ukubwa wa saa za miaka ya 2000, zile za milimita 44 na 46, ulikuwa mtindo wa wakati wake. Macho yetu yalizoea kipimo hicho, na kitu cha kawaida kikaanza kuonekana kidogo. Ukitaka ushahidi, fungua albamu ya picha za babu au baba wa miaka ya 1960 na 1970, angalia saa aliyovaa na suti yake.

Kama upana haunipi jibu, nipime nini?

Pima kutoka sikio hadi sikio. Masikio ni zile pembe nne za bodi zinazoshika mkanda, mbili juu na mbili chini. Umbali kutoka ncha ya sikio la juu hadi ncha ya sikio la chini ndio unaoamua kama saa itatulia kwenye mkono au itaning'inia ukingoni.

Hili nilifundishwa Kariakoo na fundi saa mmoja mtu mzima, nilipompelekea ile ya milimita 44 aipunguze cheni kwa mara ya tatu. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba saa inazunguka mkononi na kunigonga mfupa wa kifundo. Hakuigusa cheni. Aliishika saa, akanikamata mkono, akailaza juu ya kifundo bila kuifunga. "Tazama hapa, mwanangu," akasema, akapitisha kucha chini ya sikio la chini. Kucha ikapita yote. Masikio yalikuwa hewani, hayakugusa ngozi juu wala chini. Kwa cheni yoyote ile isingetulia.

Sasa tazama namba hizi. Seiko SKX007, saa ya mbizi inayojulikana sana, iliyouzwa tangu 1996 mpaka 2019, ina upana wa milimita 42.5, lakini kutoka sikio hadi sikio ni karibu 46 tu. Black Bay 54 ina upana wa 37, na kutoka sikio hadi sikio ni 46 vilevile. Ukisoma upana peke yake utadhani moja ni jitu na nyingine ni mtoto, kumbe zote mbili zinachukua nafasi ileile kwa urefu wa mkono. Tofauti yake iko kwa macho, kwa unene na kwa uzito. Ndiyo sababu watu wenye mikono myembamba walikuwa wakivaa SKX007 bila shida, na ndiyo sababu mtu mwenye mkono mnene asiikatae 54 kabla ya kuipima.

Nitapimaje mkono wangu nikiwa nyumbani?

Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe mkono nyuma kidogo ya mfupa wa kifundo, mahali unapopenda saa ikae. Mzunguko wangu ni sentimita 16.5. Kisha chukua rula, ilaze juu ya mkono, upime sehemu iliyo tambarare peke yake, kabla mkono haujaanza kuteremka pembeni. Kwangu ni milimita 53. Kipimo hiki cha pili ndicho muhimu zaidi, kwa sababu mikono miwili yenye mzunguko sawa inaweza kuwa na maumbo tofauti kabisa: mmoja bapa kama kibao, mwingine duara kama mpini wa jembe. Mkono wa duara una sehemu tambarare ndogo.

Urefu wa saa kutoka sikio hadi sikio usizidi hiyo sehemu tambarare. Ukibaki na milimita 4 au 5 za ziada, saa itatulia vizuri sana.

Halafu fanya hivi, kwa sababu namba peke yake hazishawishi jicho. Chukua kipande cha boksi, la viatu linafaa. Chora duara la milimita 37, kisha ongeza masikio juu na chini hadi urefu wote ufike milimita 46. Kata. Bandika vipande vingine chini yake mpaka unene ufike milimita 11. Kifunge mkononi kwa utepe au mpira, ukae nacho mchana kutwa: osha vyombo, endesha gari, andika, vaa shati la mikono mirefu ulivue. Mimi nilitengeneza vipande viwili, cha 37 na cha 39, nikavibadilisha kwa siku mbili. Jioni ya siku ya pili nilitaka kutazama muda, nikajikuta nakitazama kile kidogo. Nilikuwa nimesahau kwamba ni boksi.

Unene una uzito gani katika uamuzi?

Mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Black Bay 54 ina unene wa milimita 11.2. Black Bay kubwa ya milimita 41 iliyotoka mwaka 2016 ilikaribia milimita 15. Hizo milimita tatu na ushee ndizo zinazogonga kitasa cha mlango, zinazokwama kwenye mkono wa shati, zinazofanya saa ipinduke kuelekea upande wa kidole kidogo ukitembea. Saa nene huweka uzito wake juu, mbali na ngozi, na hapo inahitaji kubanwa sana ili isizunguke. Nyembamba unaweza kuilegeza kidogo na bado ikabaki mahali pake.

Angalia pia unene huo uko wapi. Kwenye saa nyingi za mtindo huu sehemu kubwa ni kioo kilichobinuka juu na kifuniko cha nyuma kinachozama kwenye nyama ya mkono, na ubavu wa bodi wenyewe ni mwembamba. Kwa macho saa kama hiyo huonekana nyembamba kuliko namba yake.

Mbona kwenye picha inaonekana tofauti kila mara?

Kwa sababu ya simu. Ukipiga picha mkono wako kwa umbali wa sentimita 20, kilicho karibu na lenzi hukuzwa kuliko kilicho nyuma, na saa ndiyo iliyo mbele. Kila saa huonekana kubwa, na yenye milimita 41 huonekana kama kifuniko cha sufuria. Watu wengi hukata tamaa au hushawishika kwa picha za namna hiyo.

Simama mbele ya kioo kirefu, mita moja na nusu hivi, mkono ukining'inia kawaida. Hivyo ndivyo wengine wanavyokuona. Saa iliyoonekana kubwa kwenye simu inaweza kuwa ya kiasi tu hapo, na ile ya 37 itaonekana inavyostahili: saa kwenye mkono wa mtu.

Kuna jambo la pili la macho. Bezeli inakula uso. Saa ya kawaida ya milimita 37 isiyo na bezeli ina uso unaofika karibu ukingoni, hasa ukiwa mweupe, hivyo huonekana pana. Saa ya mbizi ya kipimo hichohicho ina pete nyeusi kuzunguka uso mweusi, na jicho huhesabu uso tu. Kwa hiyo usilinganishe 37 ya mbizi na 37 ya suti. Ya mbizi itaonekana ndogo zaidi. Kama saa ya suti ya 36 inakukaa vizuri, saa ya mbizi ya 38 au 39 ndiyo itakayokupa hisia ileile. Mimi niliitaka ile hisia ya udogo, nikachagua 37 nikijua.

Nichague Black Bay 54 au Black Bay 58?

Hapa ndipo wengi hukwama, na nawaelewa. Nilikwama miezi mitano.

Black Bay 58 ilitoka 2018. Upana wake ni milimita 39, unene 11.9, na sikio hadi sikio inakaribia 48. Jina lake linarejea mwaka 1958, ilipotoka Tudor yenye kitufe kikubwa cha pembeni iliyohimili mita 200. Zote mbili, 54 na 58, zina mkanda wa milimita 20, zote zinahimili mita 200, zote zinajijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono na kutembea saa 70 bila kuvaliwa. Kwa utendaji hazina tofauti ya kumfanya mtu apoteze usingizi.

Tofauti iko katika tabia. 58 inaonekana mkononi kabla hujaitafuta. Bezeli yake ina alama ndogo za dakika 15 za mwanzo, na mshale wa sekunde una umbo la almasi. 54 ni tulivu. Bezeli haina zile alama za dakika mojamoja, na mshale wa sekunde una kiduara kama peremende ya kijiti. Masikio ni mafupi, na tangu siku ya kwanza sikuhisi ukingo wowote unaonichoma.

Maoni yangu: mkono chini ya sentimita 17, jaribu 54 kwanza. Kati ya 17 na 18.5, zote zitakukaa, na hapo chagua kwa moyo. Zaidi ya hapo 58 ina mizani nzuri zaidi, ingawa nimemwona mtu mwenye mkono wa sentimita 19 amevaa 54 na ikampendeza mno, kwa sababu aliivaa bila wasiwasi na kwa mkanda mwembamba.

Cheni ya chuma au mkanda?

Kwa hali ya hewa ya pwani, cheni, na nina sababu ya dhati. Mkono huvimba kwa joto. Asubuhi saa inakupwaya, saa nane mchana inakubana hadi inaacha alama, usiku inapwaya tena. Kifungo cha cheni ya 54 kina utaratibu unaoitwa T-fit: unaweza kuilegeza au kuibana hatua kwa hatua, nafasi tano, jumla milimita 8, bila kifaa chochote. Unaisukuma kwa kidole gumba ukiwa kwenye foleni ya daladala. Kwangu hicho kilikuwa na thamani kuliko jina lililo usoni. Ukinunua saa ya kampuni nyingine, uliza swali hili mapema: cheni inarekebishika bila fundi? Nyingi zina vitundu vidogo tu vinavyohitaji pini, na hutakuwa na pini pale mkono unapokuvimbia.

Mkanda wa mpira ni mzuri baharini na mwepesi, ila jasho hukaa chini yake. Uoshe kwa sabuni kila siku mbili tatu la sivyo utawasha. Ngozi na bahari haviendi pamoja.

Mkanda wa kitambaa unaopita chini ya saa, ule uliotokana na mkanda wa jeshi la Uingereza wa mwaka 1973, unapendeza sana na saa hizi. Lakini unaongeza unene, kwa sababu saa inakaa juu ya tabaka la kitambaa, wakati mwingine mawili. Ukiwa umenunua saa nyembamba kwa makusudi, unairudisha kwenye unene uliokuwa ukiukimbia. Kuna mikanda ya kipande kimoja isiyo na tabaka la pili, tafuta hiyo.

Mita 200 maana yake naweza kushuka mita 200?

Ni kiasi cha shinikizo ambacho saa mpya imepimwa nacho. Wewe hutafika huko. Mpiga mbizi mwenye cheti cha awali huruhusiwa mita 18, na mbizi za burudani kwa jumla huishia mita 40. Nikishuka na tangi la hewa kule Mnemba, Zanzibar, saa haifanyi kazi kubwa hata kidogo.

Kinachoua saa ni mipira. Ndani ya kifuniko cha nyuma, kwenye kioo na kwenye kitufe cha pembeni kuna oringi ndogo zinazozuia maji. Zinakauka, zinapasuka, zinabanwa vibaya. Saa yangu ya zamani, ile ya milimita 44, nayo iliandikwa mita 200. Fundi mmoja aliifungua kubadilisha betri, akaifunga na oringi ileile iliyokuwa imeshanyooka. Wiki mbili baadaye, Kigamboni, maji ya kifuani tu, ukungu ukatanda ndani ya kioo. Nilipoitoa kwenye jua matone yalionekana yakitembea juu ya namba. Haikupona.

Kwa hiyo: kila inapofunguliwa, dai oringi mpya na kipimo cha shinikizo. Kama ni ya kuogelea nayo kila wiki, ipimwe walau mara moja kwa mwaka. Usikifungue kitufe cha pembeni mkono ukiwa na maji. Na ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi, ukizungusha bezeli huku na maji yakipita, kwa sababu chumvi ikikauka chini yake pete inakuwa ngumu na inakwaruza kama ina mchanga. Kumbe mara nyingi mchanga umo kweli.

Bezeli inatumikaje, nami si mpiga mbizi?

Ile pembetatu iweke mbele ya mshale wa dakika. Baada ya hapo, popote mshale ulipofika, namba iliyo kwenye bezeli ndiyo dakika zilizopita. Basi. Ukisoma saa kwa Kiswahili, mshale mfupi ukiwa kwenye tatu nawe ukasema saa tisa, hakuna kinachobadilika, maana bezeli inashughulika na mshale wa dakika peke yake.

Bezeli za leo zinageuka upande mmoja tu, kinyume cha mwendo wa mishale. Ikigongwa kwa bahati mbaya itaonyesha kwamba umekaa muda mrefu kuliko ukweli, nawe utapanda mapema. Nyingi za mwanzo za miaka ya 1950 ziligeuka pande zote mbili, na kosa la upande wa pili lingeweza kumbakiza mtu chini hewa ikimwishia.

Mimi naitumia jikoni. Wali ukishakauka maji na nikaufunika kwa makaa juu, nageuza pembetatu, tiki tiki tiki, dakika 15. Naitumia kwenye maegesho ya kulipia. Naitumia mtoto anapoambiwa abakize dakika 20 kwenye mchezo. Yeye mwenyewe huja kuikagua.

Hiyo rangi ya njano kwenye namba ni uchafu?

Ni ya makusudi. Saa za miaka ya 1950 zilipakwa rangi yenye radiamu, baadaye tritiamu, na rangi hizo hugeuka njano au kahawia zikizeeka. Leo hutumika rangi isiyo na mnunurisho, inayohifadhi mwanga na kuutoa gizani, na watengenezaji huipa wekundu au njano kidogo ili ifanane na ya kale. Wapo wanaoliona jambo hili kama uzee wa kupaka. Kwangu mimi kwenye 54 limefanywa kwa kiasi, na maandishi ya rangi ya dhahabu juu ya weusi yana joto ambalo weupe mtupu haungelitoa. Wakati wa jua kali joto hilo halionekani kabisa. Jioni, taa ya njano ikiwaka, uso mzima unabadilika.

Kama utashawishika kununua ya kale yenyewe badala ya iliyofanana nayo, usiifungue mwenyewe nyumbani. Radiamu bado ina nguvu ingawa rangi imeshaacha kung'aa zamani.

Inafaa na kanzu, na suti, na fulana?

Na vyote. Chini ya mkono wa kanzu inateleza bila kuinua kitambaa, na hapo ndipo unapoushukuru unene wa milimita 11.

Macho yangu si mazuri. Uso mdogo nitausoma?

Utausoma, kwa sababu saa hizi zilibuniwa zisomwe kwenye maji machafu. Alama ni nene, mishale ni mipana, weusi na mwanga vinapingana wazi. Nimeona saa za milimita 44 zisizosomeka kwa wingi wa maandishi na vidude usoni. Ila 54 haina tarehe. Kama umezoea kutazama tarehe mkononi utaikosa, na hilo halina dawa.

Bei hiyo siiwezi. Kuna njia nyingine ya kupata hisia hii?

Ipo, na haina aibu yoyote. Ilipotoka, Black Bay 54 ilizidi dola 3,500 za Marekani, fedha ambayo hapa kwetu ni kiwanja.

Seiko SKX013 ndiyo ningeitafuta kwanza: ndugu mdogo wa 007, milimita 38, mita 200, saa halisi ya mbizi. Haitengenezwi tena, kwa hiyo ni ya mtumba, na ukiipata bajeti oringi mpya. Ni nene kidogo, milimita 13 hivi, lakini masikio mafupi yanaifidia. Baltic ya Ufaransa wana Aquascaphe ya milimita 39 yenye kioo kilichobinuka na sura ya kale iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa. Seiko wana pia mfululizo wa Seiko 5 wa milimita 38 wenye umbo lilelile la SKX. Zinakaa vizuri mno mkononi, ila zinahimili mita 100 na kitufe chake hakifungwi kwa skrubu. Kwa kuogelea sawa. Kwa tangi mgongoni, hapana.

Na Casio ya mbizi ya bei nafuu inayosifiwa na wengi, MDV-107? Saa ngumu, nzuri, ya kuaminika. Lakini ni milimita 44, na mtu aliyefika mpaka swali hili anatafuta ndogo.

Nikinunua ya mtumba, au nikiagizia kwa mtu aliye Dubai, niangalie nini nisiuziwe feki?

Dai kadi ya dhamana. Tudor wanatoa dhamana ya miaka 5, inayofuata saa na si mtu, hivyo hata mnunuzi wa pili anafaidi. Fungua kifungo cha cheni uone kama T-fit inafanya kazi kwa ulaini, nafasi zote tano. Geuza bezeli mzunguko mzima ukisikiliza: kila mlio uwe sawa na uliotangulia, na ukiacha pete isicheze. Ijaze kwa mkono ukizungusha kitufe cha pembeni, isikwaruze. Kisha mpelekee fundi unayemwamini aifungue mbele yako kabla fedha haijatoka mkononi. Muuzaji akikataa ifunguliwe, shukuru, aga, ondoka.

Nikiivua siku mbili itasimama?

Ikiwa imejaa, hukaa saa 70. Ivue Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi utaikuta bado inatembea.

Itanichukua muda gani kuizoea?

Kama unatoka kwenye saa kubwa, siku kumi za kwanza utaona mkono mtupu. Utailaumu. Utatazama saa za watu wengine kwenye mkutano. Usiivue wala usibadilishane na ile kubwa katika kipindi hicho, kwa sababu kila ukirudi kwenye kubwa macho yanaanza upya.

Wiki ya tatu ndipo nilipoivaa ile ya milimita 44 ya rafiki yangu aliyetaka nimpigie picha. Nilipoifunga, nilikunja kiganja kuelekea nyuma kama ninavyofanya nikiinuka kitini, na kitufe chake kikanizama nyuma ya mkono palepale ilipokuwa sugu yangu ya zamani. Sugu yenyewe ilikuwa imeshatoweka.